Baba Chausiku Anatafutwa na Serikali

Je, wewe unayesoma, umewahi kutakiwa uthibitishe kwamba mume wako ni mume wako, mbele ya mtu anayekula muhogo wa kuchoma?

Nyamvua alitakiwa. Muhogo wenyewe ulikuwa umepasuliwa katikati, ukatiwa chumvi na pilipili ya unga, ukakamuliwa ndimu, ukafungwa katika gazeti la serikali, upande ule wenye hotuba. Mlaji alikuwa Bi Mwanahawa, karani wa Dirisha la Tatu katika Idara ya Ndoa Zilizovuka Mpaka. Kwa mkono mmoja alikula muhogo na kwa mwingine aligonga muhuri, na hakuwahi kuichanganya, ndiyo maana picha yake ilitundikwa ukutani kama mfanyakazi bora.

Mambo haya yalitokea katika nchi ambayo jina lake haliandikwi hapa. Si kwa woga. Ni kwamba wenyewe walilibadilisha mwaka juzi, na mihuri yenye jina jipya bado iko njiani. Ni nchi nzuri. Ina mto, ina mashamba ya pamba, na ina amani nyingi mno, hata imebidi iwekewe walinzi kila kona isije ikaibwa.

Nyamvua hakuzaliwa huko. Kwao ni ng'ambo ya mto, safari ya siku mbili, mabasi mawili na pantoni moja. Mwenyeji ni mumewe. Mume huyo ni fundi mizani, mtu wa kuzunguka na kisanduku cha mawe ya kupimia, akirekebisha mizani ya wanunuzi wa pamba, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwao Nyamvua. Akakaa huko miaka, akaoa, wakazaa binti, wakamwita Chausiku. Kisha baba wa mume huyo akafariki, ikabidi arudi kushika nyumba, na mkewe akamfuata na mtoto mgongoni, mkeka mmoja na sufuria tatu zilizoingiana. Hapa tutamwita mume huyo Baba Chausiku, kama mkewe alivyozoea kumwita. Sababu yake itafika, haiko mbali.

Sheria ya nchi ile inasema hivi. Mke aliyetoka nje hupewa Kibali cha Mwenzi cha miezi thelathini. Kikikaribia kwisha, anaomba kiongezwe miezi mingine thelathini. Akishatimiza sitini mfululizo, bila kukatika hata siku moja, ndipo anaruhusiwa kuomba Ukaazi wa Kudumu, na akiupata haulizwi tena na mtu yeyote kwa nini yuko jikoni kwake. Hesabu ikikatika, anaanza moja.

Mheshimiwa Waziri wa Wageni, Wenyeji na Mashaka aliieleza vizuri redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "taifa letu ni karimu tangu enzi. Mgeni yeyote tunampokea kwa mikono miwili, mradi awe amekwisha kuwa mwenyeji." Watu walipiga makofi, na waliopiga kidogo waliandikwa majina.

*

Sasa, maombi ya kuongeza kibali hayapelekwi ovyo. Yanapelekwa siku ya ishirini na nane kabla kibali hakijaisha. Ukienda mapema, umeonyesha wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi ana jambo. Ukienda baadaye, umeonyesha dharau. Na siku yenyewe ya ishirini na nane ofisi hufungwa kwa usafi.

Nyamvua alilifikiria jambo hili siku tatu, akichambua mchele. Siku ya ishirini na nane ilipofika, alijifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo, fagio na kitambaa cha deki, akaingia pamoja na wafagizi. Alifagia korido yote. Alipiga deki mpaka chini ya kiti cha mlinzi, na mlinzi akainua miguu akamwambia, "Ahsante, mama, na huku pembeni." Alipofika Dirisha la Tatu akachomoa fomu kifuani, akaipangusa, akaisukuma ndani.

"Leo tumefunga," alisema Bi Mwanahawa.

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekuja."

Bi Mwanahawa akatafuta kosa katika jibu hilo, asilione. Akagonga.

Fomu ilikuwa na maswali arobaini na moja. La kumi na mbili liliuliza mwombaji analala upande gani wa kitanda, na kwa nini. La thelathini liliuliza kama amewahi kumpenda mtu mwingine, na kama ndiyo, aambatanishe kivuli cha barua. La arobaini na moja, la mwisho kabisa, liliuliza: *Mwombaji anataka nini?* Chini yake, kwa herufi ndogo: *Sehemu hii ijazwe na ofisi.*

"Pasipoti," alisema karani, akinyoosha ule mkono wa muhuri.

"Mtakaa nayo?"

"Italala kabatini mpaka majibu yatoke."

"Na mtu akiwa na safari?"

"Mtu akiichukua, maombi yamekufa, na miezi yake thelathini inazikwa nayo. Unayo safari?"

"Sina," alisema Nyamvua, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Ikaacha kuwa kweli Jumamosi. Mdogo wake, Mwaka, alipiga simu kutoka ng'ambo. Mama yao alikuwa ameanguka mlangoni mwa jiko. Nyonga ilikuwa imevimba, alikuwa hainuki, anakunywa uji kijiko kwa kijiko, na hata huo mpaka abembelezwe.

"Anakuulizia, dada. Kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe."

"Mwambie naja."

"Lini?"

Nyamvua akatazama ukuta, mahali ilipokuwa kalenda ya duka la pamba. Alikuwa ameikata miezi yote kwa kalamu ya risasi, mmoja mmoja, ishirini na tisa na kidogo.

"Mwambie naja," akarudia.

*

Serikali haikukaa kimya. Baada ya wiki tatu ilituma Wakaguzi wa Mapenzi, wawili, mmoja ana futi ya chuma, mwingine ana daftari. Walipima kitanda. Walihesabu miswaki. Walifungua sufuria na kunusa.

"Watu wazima wawili," alisema mwenye futi, "mito minne. Hii miwili ni ya nani?"

"Ya wageni," alijibu Nyamvua.

"Mgeni si ni wewe?"

Jibu likaandikwa. Kisha wakawatenganisha, mume wakampeleka uani karibu na banda la kuku, mke wakamwacha chumbani, wakamuuliza kila mmoja swali moja: bwana huwekewa vijiko vingapi vya sukari katika chai?

"Viwili," alisema Baba Chausiku uani, bila kusita, akimfukuza jogoo.

"Kimoja," alisema Nyamvua chumbani.

Wakaguzi wakakutana ukumbini, wakalinganisha, wakafurahi kama watu waliookota pete.

"Nani muongo kati yenu?"

Nyamvua akasogea karibu na mwenye daftari, akapunguza sauti. "Hakuna muongo, baba. Hospitali walimkataza sukari, hasikii. Anaagiza viwili. Naweka kimoja, nakoroga sana."

"Kumbe!" alisema Baba Chausiku kutoka mlangoni. "Mwaka mzima nasema sukari ya siku hizi haina nguvu!"

"Ungejua usingekunywa."

"Na biskuti je?"

"Nyamaza, watu wanaandika."

Mwenye daftari aliandika mstari mmoja tu, kwa mwandiko mzuri: *Wanandoa wanafichana mambo.* Akatia nukta, akaomba maji ya kunywa, akashukuru, wakaondoka.

*

Lakini si mito wala sukari iliyoleta balaa. Balaa lilitoka ndani ya faili lenyewe.

Miezi thelathini nyuma, Nyamvua alipofika mara ya kwanza na mtoto mgongoni, Bi Mwanahawa alimuuliza dirishani, "Jina la mume?" Naye akajibu kama mwanamke yeyote wa kwao angejibu: "Baba Chausiku." Karani akaandika Baba Chausiku. Cheti cha ndoa kilikuwapo na jina kamili, tena kwa wino mweusi, ila hakukisoma. Kazi yake kwa cheti ilikuwa kukibana na pini.

Sasa faili lilipopandishwa kwa Afisa Mwidhinishaji, Bwana Chambuso, mtu mrefu mwenye kalamu nne mfukoni na miwani aliyoivua kila alipotaka kuona, ndipo serikali iligundua. Mke katika faili ni wa Baba Chausiku. Wakaguzi wamemkuta nyumbani kwa mtu mwenye jina jingine kabisa. Bwana Chambuso alivua miwani.

"Sikilizeni," aliwaambia maofisa wake. "Serikali ilimpa mwanamke huyu kibali akae na mume wake. Yeye amekitumia kukaa na mwanamume. Mume yuko wapi?"

Ikatolewa amri atafutwe. Redio ya taifa ikakatiza taarifa ya bei ya pamba: "Bwana Baba Chausiku, popote ulipo, unatakiwa ufike Idara ya Ndoa Zilizovuka Mpaka ukiwa na nguo nadhifu."

Chausiku ni jina la watoto wengi kule, kila aliyezaliwa usiku analipata. Kwa hiyo asubuhi yake walifika wanne. Wa kwanza, mfuga kuku, alimleta binti yake mkononi kama ushahidi. Wa pili alikuja amekamatwa shati na mkewe, naye mke anasema kwa sauti, "Leo utanionyesha huyo wa ng'ambo! Leo!" Wa tatu, mzee wa meno mawili, hakuwa na binti wala hakuwa na mke, ila aliuliza kama huyo mama anajua kupika maharage ya nazi, na kama anajua, basi yeye ndiye. Wa nne alikuwa mlinzi wa mlangoni. Alikuwa ameamriwa asimruhusu Baba Chausiku yeyote kutoka, na kwa kuwa alikuwa mtiifu, jioni alijikatalia kwenda nyumbani, mkewe akamletea chakula hapo hapo getini.

Wa tano ndiye mume wa Nyamvua, na kisanduku chake cha mawe.

"Baba Chausiku mnayemtafuta ni mimi," alisema.

"Kitambulisho," alisema Bwana Chambuso. Akakisoma mbele na nyuma. Jina lililokuwamo tutaliacha humo kwa sasa, kwa heshima ya Nyamvua. "Hapa hapana Baba Chausiku. Wewe ni mtu mwingine."

"Ni huyo huyo, mheshimiwa. Mwanangu ni Chausiku."

"Hata huyu mlinzi mwanawe ni Chausiku. Nimpe mke wako?"

Mlinzi akatazama pembeni.

"Na mtu mwingine," aliendelea Bwana Chambuso, "anayeishi na mke wa mtu, kwetu ana kesi. Lakini serikali ni mzazi. Kipo Kifungu cha Tisa. Mke atasimama mbele yangu na mbele ya bendera, Jumanne saa nne, atamtaja mumewe kwa jina lake kamili, kwa sauti ya kusikika, mara tatu. Akitaja, tumeridhika. Asipotaja, faili tunalifunga na yeye anavuka mto wake ndani ya siku saba."

Baba Chausiku alishusha kisanduku chini. Alikuwa ameoa kule ng'ambo, alijua.

*

Kwao Nyamvua, binti akiolewa, mama mzazi humtia chembe ya chumvi kwenye ulimi, akamnong'oneza jina la mume sikioni, mara moja. Tangu hapo jina hilo haliguswi. Mke atamwita mumewe baba wa mtoto fulani, na kama hawajazaa, atamwita kwa kikohozi, au atatuma mtu. Si hofu, wala si kwamba hampendi. Jina linawekewa siku yake. Siku hiyo ni moja tu. Mume akifa, akishalazwa shimoni na kabla udongo haujarudishwa, mjane husimama ukingoni peke yake akamwita kwa jina lake mara tatu. Hakuna anayeitika. Ndipo watu wanashika majembe.

Mara tatu. Kifungu cha Tisa nacho mara tatu. Nani aliyewaambia hawa watu wa pamba?

Nyamvua alikwenda mwenyewe kwa Bwana Chambuso, amevaa gauni lake la kijani la sikukuu. "Mheshimiwa, naomba niliandike," alisema. Kuandika hakukukatazwa, kwa kuwa wazee waliotunga mila hawakujua kuandika.

"Maandishi yanaghushiwa, mama."

"Basi nilionyeshe kwa kidole kwenye kitambulisho."

"Kifungu kinasema atamtaja. Mimi si mtunzi wa sheria, mimi ni mtumishi tu." Akanyanyua mikono, kalamu nne zikagongana mfukoni. "Kwani ni jina baya?"

"Ni zuri," alisema Nyamvua. Akatoka.

Nyumbani Baba Chausiku alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapangusa mawe ya mizani kwa kitambaa, la nusu kilo, la robo, la nusu robo, akiyapanga kwenye vitobo vyake. Hufanya hivyo kila akiwa na jambo moyoni.

"Mama Chausiku, mimi sitakufa kwa kuitwa," alisema. "Marehemu mama yangu aliniita mchana kutwa. Nilikuwa juu ya mpera, ananiita, nakula mapera, siitiki, na bado niko hapa."

"Alikuwa mama yako. Mimi ni mkeo."

"Basi usiseme. Tutavuka wote. Mizani iko kila mahali."

"Na nyumba ya baba yako? Na Chausiku ameanza shule juzi, ana daftari limechorwa twiga?" Akakaa chini kwenye mkeka, akaivuta miguu. "Miezi ishirini na tisa nimeihesabu. Leo nikiondoka, nimekula hasara ya siku zangu. Nikibaki, mama anageukia mlango. Nikilisema jina lako, nakuzika. Wewe niambie niende wapi."

Baba Chausiku alikuwa ameshika jiwe la nusu robo. Alilitafutia kitobo chake muda mrefu, na kitobo kilikuwa kimoja tu kilichobaki.

*

Jumatatu alasiri, Nyamvua akikuna nazi, simu ililia. Alikuwa Mwaka.

"Mama anasema nikupigie. Nimemweleza habari yako yote, na hicho kifungu. Ngoja, namwekea sikioni."

Kukawa na mchakacho wa shuka. Kisha pumzi, fupi fupi.

"Nyamvua."

"Abee, mama."

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Wewe je?"

"Huyu mdogo wako ananinywesha uji kama kifaranga." Akapumzika. "Wamekwambia ulitaje."

"Wamesema, mama. Nimekataa."

"Nani kakwambia ukatae?"

Nyamvua akaacha mbuzi ya kukunia nazi. "Wewe, mama. Wewe ulinitia chumvi."

"Nilikutia. Na mimi nilitiwa." Pumzi tena, ndefu kidogo. "Nimeishi na baba yako miaka arobaini na mmoja. Nikasimama pale ukingoni, miguu imejaa udongo, watu wamenyamaza, nikamwita mara tatu. Unajua nilijutia nini?"

"Sijui, mama."

"Kwamba hakusikia. Jina zuri vile, nimelitunza miaka yote, nalitoa, mwenyewe hana masikio. Nimekaa na jambo hilo, sijamwambia mtu, ningemwambia nani? Wewe mwite angali anasikia."

"Na ikiwa ..."

"Ikiwa ni kosa, litakuwa langu, mimi ndiye mwenye chumvi. Mwite. Halafu uje. Sitasema uje mbio, sina haki hiyo, una mji wako. Lakini uje."

Simu ikarudi kwa Mwaka, na ndugu hao wakasikilizana pumzi mpaka salio likaisha.

*

Jumanne saa nne ukumbi ulijaa. Watu wa madirisha yote waliacha foleni zao, wakijua watazikuta pale pale. Bendera ilikuwa imetolewa kabatini na kupigwa pasi, na alama ya pasi ilionekana. Bwana Chambuso alisimama kulia kwa bendera hiyo. Bi Mwanahawa alikaa na daftari la mashahidi, muhogo wake mezani haujafunguliwa.

"Mwombaji, mtaje mumeo."

Baba Chausiku alikuwa mbele yake, hatua tatu. Shati lake la kazi lilikuwa limekosa kifungo cha pili kutoka juu. Nyamvua alikitazama hicho kifungo kisichokuwapo. Alikumbuka kwamba kiko kwenye kikopo cha nyuzi, alikuwa amekusudia kukishona tangu Ijumaa. Kinywani aliisikia chumvi, kabisa, kama imetiwa asubuhi ile.

"Farijala Mdoe," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Naam," akaitika mumewe.

"Ngoja!" alisema Bwana Chambuso. "Anayetajwa haitiki. Kifungu hakikutaja kuitika."

"Mtu akiitwa huitika, mheshimiwa. Nimelelewa hivyo."

Watu wakacheka. Bwana Chambuso akavua miwani, akawatazama, wakaacha. "La pili, na kwa sauti."

"Farijala Mdoe."

"Naam."

Hapo Nyamvua alisita. Aliliona shimo, akaliona vizuri kama mtu anavyoona kitu alichokwisha kukiona, na kuta zake zilivyochongwa, na mchwa mmoja anayepanda. Alimwona mama yake na miguu yenye udongo. Ikasikika feni, ambayo haikuwa ikizunguka bali ikilia tu. Bi Mwanahawa alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono wa muhuri, wino ukamwachia duara shavuni, na hakujua.

"Mama, la tatu," alisema Bwana Chambuso. "Serikali inasubiri."

Nyamvua akainua macho kutoka kwenye kifungo hadi kwenye uso. Kisha akaita, si kutaja, akaita kama mtu anayemwita mtu wake aliye mbali shambani chakula kikiwa tayari:

"Farijala Mdoe!"

"Naam, mke wangu," alisema Farijala. "Niko hapa." Na alikuwa pale. Alikuwa analia bila aibu yoyote, na kisanduku cha mawe kimemlalia kifuani kama mtoto. Miaka tisa ya ndoa alikuwa hajalisikia kutoka mdomo ule, na hakuwahi kusema kwamba anangoja.

Mlinzi wa mlangoni akapenga kamasi. Bwana Chambuso akairudisha miwani, akafungua faili, akasoma kimya, akageuza karatasi, akasoma tena.

"Hongera," alisema. "Serikali imeridhika. Wewe ni mke wa Farijala Mdoe."

Watu wakapiga makofi, safari hii bila kuandikwa.

"Kwa hiyo," aliendelea, "ile miezi thelathini uliyokaa ulihesabiwa kama mke wa Baba Chausiku, ambaye leo tumethibitisha kwamba hayupo. Hatuwezi kukuongezea kibali cha mume asiyekuwapo. Kama mke wa Farijala Mdoe, leo ni siku yako ya kwanza nchini. Karibu sana. Utakaa miezi thelathini, utaomba nyongeza, utakaa thelathini mingine. Pasipoti itabaki kabatini tukifungua faili jipya."

Makofi yalikufa moja moja. Kuna mtu mmoja nyuma aliyechelewa kuelewa, akaendelea kupiga peke yake, kisha naye akaacha.

"Mheshimiwa," alisema Farijala.

Bwana Chambuso hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto, alifuga njiwa. Alivuta fomu mpya, akaanza kuijaza mwenyewe kwa upole ili kumpunguzia mama kazi, akaruka maswali aliyoyajua majibu yake, akafika la arobaini na moja. *Mwombaji anataka nini?* Akachagua kalamu ya tatu kati ya zile nne. Akaandika akitamka taratibu, kama wanavyofanya watu wenye mwandiko mzuri: "Mwombaji ... anataka ... kuanza ... upya."

"Usiandike hivyo," alisema Nyamvua.

Kalamu ikasimama. Hakuna aliyewahi kumwambia Bwana Chambuso asiandike.

"Sehemu hii inajazwa na ofisi, mama."

"Najua. Nimeisoma. Sasa sikiliza, kisha ofisi ijaze." Alikwenda mpaka mezani, akaweka viganja viwili juu ya fomu, na vilikuwa bado na harufu ya nazi ya jana. Neno zito kuliko yote alilokuwa nalo lilikuwa limekwisha kutoka kinywani mwake, mara tatu, na hakuna aliyekufa. Yaliyobaki yalikuwa mepesi. "Nataka kwenda kwa mama yangu angali anasikia," alisema, "na nikirudi, nataka niingie nyumbani kwangu bila kubisha hodi."